Miche Niliyompa Yaya Masika

Butembo, Jumapili, baada ya misa ya pili. Ukungu na manyunyu.

Tangu asubuhi mlima wa pili hauonekani. Nimekaa katika chumba cha nyuma nyumbani kwa mama, nimevaa sweta mbili, na bado nasikia baridi. Nimezoea joto la Beni. Kwenye kiganja cha mkono wa kulia nina lengelenge lililopasuka, la mpini wa jembe, na kila nikishika simu kuandika linaniwasha.

Mama ameniuliza mara mbili kwa nini nimekuja bila kutoa habari. Nimemwambia nimechoka. Ni kweli, lakini si jibu.

Wanaosoma ukurasa huu wamezoea nikiandika habari za mvua, za miche, za wadudu wa kakao. Leo sina ushauri wa kumpa mtu. Kwa asiyenijua: naitwa Katungu, natumika katika kitalu cha miche huko Beni, commune ya Mulekera. Tunaita pepinieri. Watu wananiita mama agronome, yaani mtaalamu wa kilimo, ingawa diploma yangu ni ya sekondari tu. Mwaka wa tisa sasa natia mbegu za kakao katika mifuko midogo ya plastiki nyeusi, zile sachet, nazimwagilia, nazitoa zikiwa miche, watu wanaenda kupanda.

Wiki hii nimesema jambo ambalo nilipaswa kulisema miaka minne iliyopita.

Nilifikiri mtu akisema kweli anapata nafuu. Sijaipata.

Nianze na miche yenyewe, la sivyo hakuna atakayeelewa.

Mche wa kakao una mzizi mmoja mkuu unaoshuka chini wima kama msumari. Mizizi mingine inatambaa pembeni, juu juu, inatafuta chakula. Lakini ule mmoja ndio unaoushika mti usianguke, na ndio unaofika kwenye unyevu wakati wa jua kali. Ndani ya sachet mzizi huo una nafasi ya shubiri moja na kidogo. Ukifika chini unakuta plastiki. Hausimami. Unageuka, unazunguka, unaendelea kukua kwa kujisokota. Sisi watu wa pepinieri tunauita mkia wa nguruwe. Ndiyo maana mche haupaswi kukaa katika sachet zaidi ya miezi mitano, sita. Ukipita sana muda huo, unatupwa. Nimewafundisha watu jambo hili mara nyingi hata naweza kulisema nikiwa nasinzia.

Miaka minne iliyopita barabara ya Mbau ilikuwa haipitiki. Watu walikuwa wanakimbia vijiji kwa sababu ya mashambulizi ya wenye silaha, hakuna aliyekuja kuchukua miche. Nani angepanda, na wapi? Miche ikabaki kwetu. Ikapita miezi sita, ikapita kumi, ikapita mwaka. Nilikuwa naimwagilia kila asubuhi kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Majani yake yalikuwa mazuri ajabu, mapana, yanang'aa. Mkuu wangu wa wakati ule aliniambia neno moja tu, "Mutupe bile byote," kisha yeye mwenyewe akahamia Bunia.

Mwezi huohuo dada yangu mkubwa, yaya Masika, akafika kutoka Mbau kwa miguu. Alikuwa na mume wake Kambale, watoto wanne, sufuria mbili na godoro. Nyuma walikuwa wameacha shamba la kakao lililokuwa limeanza kuwalisha vizuri. Masika hakulia juu ya nyumba. Alilia juu ya kakao. Alikuwa anakaa kwenye mlango wangu, anahesabu kwa vidole mistari ya miti aliyoiacha, akifika mwisho anaanza tena.

Ndugu mmoja wa Kambale akawapa kipande cha shamba pembezoni mwa Mulekera, nyuma ya nyumba za mwisho, mahali ambapo ardhi inateremka kuelekea kijito. Nikamwambia yaya: usijali, miche ninayo.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Asubuhi ya kuipakia, nilichana sachet moja. Nilitaka kuona. Mzizi mkuu ulikuwa umezunguka chini mara mbili, mnene karibu kama kidole changu kidogo, umeshikana na kuwa kitu kimoja. Kama ungekuwa bado mwembamba ningeweza kukata ile sehemu iliyopinda, mche ungetoa mzizi mwingine. Kwa unene ule, kukata ilikuwa sawa na kuuua. Niliutazama, nikaufunika kwa mkono kana kwamba kuna mtu nyuma yangu, nikautupa kwenye takataka.

Kisha nikapakia miche mia mbili iliyobaki upande ule, nikampelekea dada yangu.

Nilijiambia udongo wa kule ni laini, mzizi utajinyoosha. Mzizi haujinyooshi. Nilijua. Lakini alikuwa ananingojea barabarani na kitenge chake kimefungwa kiunoni tayari kwa kazi, na alipoona yale majani alinishika mikono yote miwili, akasema, "Mudogo wangu, sasa na miye niko mutu tena."

Ningesema nini hapo?

Ningesema. Ndiyo jibu.

Miti ilikua. Hilo ndilo linalodanganya: mti wa namna hiyo unakua kama mingine. Mwaka wa kwanza mzuri, wa pili mzuri. Masika aliipandia migomba ya kivuli, akapalilia hata siku za kuumwa tumbo. Siku ya ubatizo wa mtoto wao wa mwisho alisimama mbele ya wageni akasema shamba lile ni la Katungu, yeye ni mlinzi tu. Watu wakapiga makofi. Nilipewa kiti karibu na padri, nikala kuku.

Mwaka huu miti ilizaa kweli kwa mara ya kwanza. Na mwaka huu kiangazi cha katikati ya mwaka kilikuwa kirefu.

Upande wa juu wa shamba udongo ni mwembamba, chini yake kuna mawe. Huko ndiko miti ilianza kuwa ya manjano. Majani yakakauka bila kudondoka, yakabaki yananing'inia. Halafu upepo wa siku moja ukaangusha mitatu, yenye matunda bado mabichi. Baada ya hapo mingine minne.

Na upande wa juu ndiko kuna mpaka na shamba la Mwalimu Mulumba.

Mwalimu Mulumba anafundisha darasa la tano. Ni mtu wa Kasaï, serikali ilimleta hapa miaka saba iliyopita, yeye na mke wake na watoto watatu. Swahili yake amejifunzia kwetu na anaisema polepole, kwa adabu, kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya wengine. Analima mahindi na mihogo. Mtu mmoja alikuwa amemwona asubuhi na ndoo, anamwagia kitu kwenye mpaka. Yalikuwa maji ya majivu na sabuni, kwa ajili ya viwavi wa mahindi. Alieleza hivyo. Kambale hakumwamini.

Shemeji yangu Kambale si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Amepoteza shamba moja kwa sababu ya watu ambao hatawahi kuwaona wakihukumiwa. Sasa la pili linakufa, na safari hii kuna mtu karibu, mwenye jina, anayeweza kuulizwa.

Wiki tatu zilizopita waliniita. Mama agronome aje aseme.

Nilifika, nikaushika mti wa kwanza, nikautikisa kidogo. Ulicheza kwenye shina kama jino bovu. Sikuhitaji kuona zaidi. Nilisimama pale, Kambale na Masika wananitazama, na katika kichwa changu nikapata njia ambayo ilionekana nzuri sana. Nikasema:

"Ni ugonjwa ya mizizi. Iko mu udongo. Hapana kosa ya mutu."

Nilijiona mwerevu. Mwalimu ametoka lawamani, mimi nimetoka, hakuna wa kuchukiwa. Kuna ugonjwa wa mizizi wa namna hiyo kweli, sikuubuni. Ila haukuwa huu.

Kambale akafikiri kidogo. "Ugonjwa hii inaambukiza?"

"Inaweza."

"Na inaanzia ku mupaka ya mwalimu."

Nikatazama kule kwenye mpaka.

"Basi njo kusema ilitoka kwake," akasema. "Ametia mu udongo. Weye mwenyewe umesema, iko mu udongo."

Nikasema hapana, si hivyo, lakini nilisema kwa sauti ya mtu ambaye hana jambo jingine la kuweka mahali pake. Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, nikarudi kazini.

Kilichofuata nilikisikia kwa simu, Masika akinipa habari kama tunavyopeana habari za majirani. Mtu ameng'oa mstari mzima wa mihogo ya mwalimu. Watoto wake wameitwa batoto ya mulozi, watoto wa mchawi, kwenye bomba la maji. Wazazi wawili wametoa watoto wao katika darasa lake. Mchana mmoja mawe mawili yalirushwa juu ya bati la nyumba yake. Kila mara nilisema, pole kwao. Kila mara nilikata simu nikarudi kujaza udongo katika sachet.

Wiki tatu. Niliweza kula, niliweza kwenda misa. Nilikomunika.

Alhamisi chef de quartier, mkuu wa mtaa, aliwaita Kambale na mwalimu kule shambani ili jambo liishe. Kambale alitaka mwalimu aache shamba na ahame kabisa. Masika akaniambia, "Uje na weye, unajua maneno ya miti."

Nilipofika kulikuwa na watu thelathini hivi, wengine wamepanda juu ya kichuguu ili waone. Mawingu yalikuwa yamekusanyika lakini mvua haikuwa inashuka. Mwalimu alikuja moja kwa moja kutoka shuleni na koti lake, chaki kwenye mkono wa koti, mke wake nyuma yake. Walisimama upande wao wa mpaka. Hakuna aliyewaambia wavuke.

Kambale alisema maneno yake, na hakusema kwa hasira, ndiyo maana yalikuwa na nguvu. Aliitaja miti mmoja mmoja, mahali ulipokuwa, siku ulipoanguka. Chef akamgeukia mwalimu.

"Chef," mwalimu akasema, "miye nilimwanga majivu na sabuni juu ya chenilles. Ndoo iko ku nyumba. Kama kuko sumu, mulete ile maji hapa, nitakunywa mbele yenu."

Mtu mmoja nyuma akasema mlozi hafi kwa dawa yake mwenyewe. Wengine wakacheka.

Mke wa mwalimu alikuwa ananitazama. Hakuwa ananishuku, hakunijua. Nadhani alikuwa anatafuta tu uso wa mwanamke ambao haucheki, na macho yake yakasimama kwangu.

Nikasikia nasema, "Shemeji, nipatie jembe."

Nilianza na mti uliokuwa umekauka. Nilichimba kuuzunguka, nikausukuma, ukalala bila shida. Nikaugeuza mizizi juu. Watu wakasogea, wakaona kitu kimejisokota, cheusi, kimekauka. Kambale akainama akatazama. "Sumu njo iliufanya hivi," akasema. "Muone namna ilijikunja."

Nilijua basi kwamba mti mfu hautatosha.

Nikashuka chini, upande wa kijito, mahali udongo ni mzuri na hakuna jani moja lililogeuka rangi. Watu wakanifuata. Mwalimu na mke wake wakabaki juu. Nilichagua mti wenye nguvu, matunda kumi na moja shinani na kwenye matawi, mawili yakiwa yameanza kuiva. Nilipopiga jembe la kwanza Masika alipiga kelele.

"Hapana ule! Katungu! Ule iko na matunda!"

Sikusimama. Kama ningesimama nisingeanza tena. Alinishika mkono, nikautoa. Kambale akamshika yeye mabegani, labda kwa sababu na yeye alitaka kuona. Ilichukua muda mrefu. Mizizi ya pembeni ilikuwa mizuri, imeenea kila upande, nikaikata kwa panga mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulitoa maji. Halafu Kambale akanisaidia, tukasukuma, mti ukainama na matunda yake ukalala juu ya majani makavu.

Chini ya shina kulikuwa na bonge. Nililisafisha kwa vidole. Mzizi mkuu ulikuwa mnene kama mkono wa mtoto, umezunguka mara mbili, umejikaza juu yake wenyewe, na kwa nje bado ulikuwa na umbo la mfuko. Unaweza kuona mahali ukuta wa plastiki ulipokuwa. Unaweza kuona ile kona ya chini. Nikaingiza mkono ndani ya shimo, nikapapasa. Udongo ulikuwa mzima, haujawahi kupitiwa na mzizi hata mmoja.

"Mwalimu hakufanya kitu," nikasema. "Na hapana ugonjwa. Miti hii ilikaa mu sachet mwaka muzima na zaidi. Mizizi ilikuwa imesha kujikunja mbele ya kufika hapa. Yote. Ile ya juu inakufa kwanza sababu ya mawe. Hii ya chini itafuata."

Nilimtazama yaya. "Njo namna nilikupatiaka."

Masika alikuwa ameshika lile bonge kwa mikono miwili. Akauliza taratibu, kama anauliza saa.

"Ulijuaka?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile asubuhi ya kukuletea. Bilikuwa bya kutupa."

Aliliweka bonge chini kwa uangalifu, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaanza kuchuma matunda ya ule mti ulioanguka, moja moja, akiyaweka kwenye upindo wa nguo. Kambale alikaa chini juu ya udongo niliouchimba. Chef akakohoa.

"Donc, mwalimu haiko na kosa," akasema.

Maneno matano. Watu wakaanza kuondoka. Walipita karibu na mwalimu, wengine karibu kumgusa bega, na sikuona hata mmoja aliyemtazama.

Nilipanda juu kwake. Nilikuwa na udongo mpaka viwiko. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, hatua thelathini zile.

Yeye ndiye aliyeanza. "Mama agronome. Siku ya kwanza, ulisemaka ni ugonjwa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na siku ile ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Naomba musamaha."

Akatazama mkono wa koti lake, akaona chaki, akaipangusa. "Batoto bangu bako ku nyumba wiki mbili," akasema. "Mudogo anauliza mulozi ni kazi gani." Kisha akasema, "Barua ya mutation ilienda Jumatatu. Nimeomba kurudi Mbuji-Mayi. Bakikubali, bakikataa, sijue."

Hakupandisha sauti. Ningependa angenitukana. Mke wake akamwambia neno katika lugha yao, wakaondoka kwa kupita katikati ya mahindi, yeye mbele, mwalimu nyuma.

Musamaha ule hakuujibu. Nimefikiri juu ya hilo siku tatu. Sidhani alisahau.

Ijumaa sikwenda popote. Jirani wa yaya aliniambia kwa simu kwamba Kambale aliamka, akakata vipande vya mihogo kutoka shambani kwake, akavuka mpaka, akaupanda upya ule mstari uliong'olewa, peke yake, bila kusema na mtu. Mwalimu alisimama kwenye mlango wa nyumba yake anamtazama mpaka akamaliza.

Ndivyo nilivyojua ni nani aliyeng'oa.

Na ni mimi niliyempa sababu ya kung'oa. Sisemi hivyo ili nimtoe yeye. Alikuwa na mikono yake. Lakini nilipomwambia iko mu udongo, nilimpa kitu cha kushika.

Jana, Jumamosi, nilikwenda kwa Masika. Usiku wa Ijumaa mvua ilikuwa imeshuka, ardhi ilikuwa imelegea. Nilimkuta kule chini, amepiga magoti kati ya migomba, karibu na shimo nililochimba. Alikuwa ameyapasua yale matunda mawili yaliyoiva. Anatoboa udongo kwa kijiti, anatia mbegu tatu, anafunika, anasogea hatua tatu, anatoboa tena. Moja kwa moja ardhini. Hakuna mfuko.

Nilimsalimia. Aliitika.

Nikamwambia kitaluni nina miche ya miezi minne, mizuri, nimeikagua mwenyewe, nitamletea. Nilisikia namna maneno yale yalivyokuwa yanasikika.

"Hapana," akasema. "Mbegu nitatia miye mwenyewe."

Nikamweleza kwamba miti iliyosimama bado ising'olewe yote. Ile ya chini inaweza kuzaa mwaka mmoja, miwili, kama ataiwekea majani makavu kwenye shina na kuongeza kivuli, na wakati huo mipya inakua katikati. Alisikiliza. Alikuwa anasikiliza kazi, si mimi. Nikapiga magoti nichukue mbegu nimsaidie.

"Weye kaa pale."

Nikakaa pale, juu ya shina la mgomba lililokatwa. Alifanya mistari miwili. Jua lilitoka, likaingia tena. Masika ni wa kwanza kwetu, mimi wa pili. Amenibeba mgongoni, amenipiga, amenifundisha kusuka. Sijawahi kukaa namna ile mbele yake, kama mgeni anayengoja kuambiwa aende.

Halafu akauliza, bila kuinua kichwa:

"Miche ile ilikuwa mingi. Yangu ilikuwa mia mbili. Ingine ulipeleka wapi?"

Nilikuwa sijafikiri kwamba mtu angeuliza hilo. Hapana, nisiseme uongo na hapa. Nilikuwa nimefikiri, nikatumaini kwamba hakuna atakayeuliza.

Siku ile nilipopakia ya Masika, watu wawili walipita wakaona majani. Mmoja ni Mama Kanyere, mjane, anakaa upande wa pili wa Mulekera. Alichukua themanini, akaja kuibeba na binti zake kichwani kwa safari tatu. Mwingine ni mzee mmoja katekista aliyekuwa amekimbia kama yaya. Alirudi kijijini kwake barabara ya Mbau mwaka uliofuata, akaipanda kule. Mwaka jana alinitumia salamu kwamba miti inakua vizuri sana.

Nilimtajia yaya majina.

"Banajua?"

"Hapana."

Alifunika shimo, akaligandamiza kwa kiganja.

"Sasa uko nafanya nini hapa?"

Niliinuka. Na badala ya kwenda kwa Mama Kanyere, ambaye kwa mguu ni nusu saa tu, nilikwenda barabarani, nikasimamisha moto, nikaja Butembo kwa mama yangu. Njia yote nilijiambia ninahitaji kupumzika kwanza. Mvua ilitupiga kabla ya kufika, nikawa naitumia mvua kama sababu nyingine.

Nina miaka thelathini na tisa na bado nikikosea nakimbilia kwa mama.

Sijui kama nitaendelea na kazi hii. Mkuu mpya atasikia, kama hajasikia tayari, na atakuwa na haki ya kuniuliza. Sijui kama barua ya mwalimu itakubaliwa, na sijui nitamani nini, abaki au aende. Sijui kama Masika ataniita tena mudogo wangu. Jana hakuniita kitu.

Mambo ninayoyajua ni machache. Katekista nitampigia simu leo kabla giza halijaingia, kama mtandao wa kule unashika. Nimwambie achimbe mti mmoja, atazame, asimshuku mtu. Ikiwa hapatikani nitaandika ujumbe, na nitauandika kwa maneno mafupi asiweze kunielewa vibaya.

Na kesho natoka hapa na moto ya kwanza.

Mama Kanyere namjua. Mtu akifika kwake hamwachi aanze maneno. Anavuta kiti, anapangusa kiti, anaita binti alete maji, anatafuta kitu cha kukutilia mkononi, hata kama ni ndizi moja. Ukishakaa kwenye kiti kile, ukishakula kitu chake, mdomo unakuwa mzito. Nimekaa kwenye kiti cha namna hiyo miaka minne.

Nitasema nikiwa nimesimama.